Geti Lililoangushwa na Beberu

Muuza duka wa Kariakoo, aliyeniuzia MIG, mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe badala ya vijiti, hakunidanganya hata neno moja. Alisema, "Fundi, hii MIG haitaki gesi. Unabana kitufe, inachomelea." Kweli tupu. Ila hakusema ni kwa waya upi, na mimi, miaka 18 mkononi na holda ya vijiti, niliona kuuliza ni kujishushia hadhi.

Kaunta kulikuwa na koili mbili za kilo 5. Moja ya kijivu, imepauka, bei juu. Nyingine inang'aa rangi ya shaba kama mkono wa bi harusi, bei chini. Nikamchukua bi harusi. Sasa, ile ya kijivu ndiyo yenye unga ndani. Unga ukiungua hutoa moshi unaofukuza hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, na ndiyo maana haina haja ya mtungi. Ya shaba ni chuma kitupu kilichopakwa shaba juu. Bila gesi inafaa kufungia banda la kuku.

Kitabu cha maelekezo nilikipangia kazi siku ileile: nilikikunja mara nne nikakisukuma chini ya mguu mfupi wa benchi.

Kazi ilikuwa geti la Hajji mmoja Kigamboni, karibu kabisa na bahari. Skwea paipu 40 kwa 40, unene milimita 1.5. Kwa kijiti cha milimita 2.5 paipu hiyo inatoboka ukipiga chafya tu, na hicho ndicho kilichonipeleka Kariakoo.

Nikaiweka koili, nikakata kile kifungo cha waya, nikaachia ncha. Kosa. Mita kadhaa za waya zilifumuka kwa pamoja, dogo wangu akaruka nyuma. Ncha ya waya haiachiwi mpaka rola, lile gurudumu linalosukuma waya, imeing'ata: unaishika, unaikata iwe butu isiwe na makali, unaipitisha juu ya rola hadi ndani ya laina, ule mrija unaoupeleka waya kwenye tochi ya kuchomelea, unafunga mkono wa rola, ndipo unaachia. Na ile nati ya katikati ya koili ni breki; kaza kiasi cha koili kusimama pale unapoachia kitufe, isiendelee kuzunguka kama pia.

Waya ukagoma kutoka. Nikakaza rola. Ukagoma. Nikakaza hadi mwisho. Nilipobana kitufe, mashine ikanguruma na ndani ya mfuniko waya ukajisokota kama tambi za Idi. Sababu zilikuwa mbili. Rola iliyokuja na mashine ilikuwa ya meno, maana ilipangwa kwa waya wa unga. Kwenye waya mtupu meno yale hukwangua shaba na chembe zake huziba laina. Pili, tipu, kile kitundu cha mwisho waya unapotokea kwenye tochi, ilikuwa ya milimita 0.6 na waya wangu wa 0.8. Hapo hata ungekaza kwa nguvu za trekta. Tipu nilibadilisha. Rola sikuigusa, nilidhani meno ni uimara.

Kipimo cha kukaza ni hiki: vaa glovu, elekeza waya kwenye kipande cha mbao, bana kitufe. Ukigonga ukajikunja, inatosha. Rola ikiteleza, ongeza robo mzunguko.

Basi nikachomelea. Cheche kila upande, sauti kama mtu anapasua kuni mbichi, na mshono ukatoka na matundu kama sega la nyuki. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikapitisha grenda, nikapaka puti, nikapiga rangi nyeusi mikono miwili. Likapendeza! Hajji alilisifia mbele ya majirani.

Siku ya tatu akapiga simu, sauti ya upole kabisa. "Mwanangu, beberu amejikuna mgongo kwenye geti."

"Limekwaruzika rangi, Hajji?"

"Limelala."

Nilikuta bawaba zote mbili zimeachia nguzo, na beberu amepanda juu ya geti anatafuna mwarobaini. Mpasuko ulionyesha kila kitu: tundu juu ya tundu, na upande wa nguzo chuma hakijayeyuka hata kidogo.

Nikajua ni gesi. Nikakodi mtungi wa CO2 na regulata, nikaweka lita 12 kwa dakika, kiasi kizuri kwa waya wa 0.8. Matundu palepale. Ilikuwa Julai, kusi inavuma toka baharini, inapeperusha gesi kabla haijafika kwenye mshono. Nikapandisha hadi lita 25. Matundu yakaongezeka! Gesi ikitoka kwa kasi mno huvurugika mdomoni mwa tochi na kuvuta hewa ndani, kwa hiyo nilikuwa nalipia gesi ili nivute upepo. Na cheche bado zilikuwa za kupasua kuni.

Dogo, ambaye muda wote alikuwa ameshikilia mfuniko wa pembeni, akasema taratibu, "Fundi, hapa ndani pamebandikwa jedwali."

"Tangu lini?"

"Tangu Kariakoo."

Jedwali lilisema: waya wa unga, tochi kwenye hasi. Waya mtupu na gesi, tochi kwenye chanya. Yangu ilikuwa hasi, kama ilivyotoka kiwandani. Waya nilikuwa nimebadilisha peke yake, na rola, gesi na hasi-chanya ya umeme vikabaki vinamsubiri mwenzao wa kijivu.

Tukahamisha kile kiungo cha ndani kwenda chanya. Tukaweka rola yenye mfereji wa umbo la V, upande ulioandikwa 0.8; ilikuwa imelala kwenye mfuko wa vipuri. Laina tukaipuliza kwa hewa ya kompresa ya jirani. Tukafunga turubai upande wa bahari, gesi ikarudi lita 12. Kwenye paipu, volti 17 na waya mita 3.5 kwa dakika, tipu umbali wa milimita 10 toka kazini. Sauti ikabadilika ikawa dagaa kwenye mafuta ya moto. Kwenye bawaba na nguzo za milimita 3 nikapanda hadi volti 19 na mita 5.5, moto nikiulekeza zaidi kwenye chuma kinene, maana chembamba huyeyuka chenyewe.

Hajji hakuchukua neno langu. Alimleta beberu. Akajikuna kushoto, akajikuna kulia, akaligonga kwa pembe mara mbili. Geti likasimama. Hapo ndipo nilipolipwa, pungufu ya bei ya mwarobaini.

Kitabu nimekitoa chini ya benchi, sasa nakisoma. Benchi linacheza.