Mashine Yangu Bado Iko 2009

Jamani, mimi nina steshenari ya mtaani tu: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, basi. Sijaomba makubwa. Nataka nikibonyeza kitufe asubuhi, mashine iwake. Lakini hii desktopu yangu, mtumba wa Ulaya, ina mambo ya bibi harusi: haitoki ndani mpaka ibembelezwe.

Feni inazunguka, taa inawaka, monita nyeusi tii. Halafu pii! Pii! Pii! Na wateja ndio wanajaa. Kuna kijana wa barua ya kazi, mwisho wa kutuma maombi leo. Kuna mama wa fomu za shule. Kuna na wazee wawili wasio na shida yoyote, wamekuja kuangalia.

Hapo kila mtu anageuka fundi. "Hiyo imeingia virusi." Virusi gani, mama yangu, na Windows yenyewe haijaamka? "Ipige ubavuni." "Ifomati tu." Huyo wa kuformati ni dereva bodaboda, na pikipiki yake anaiwasha kwa kuisukuma kila asubuhi, nasi tunamsaidia.

Nachomoa waya wa umeme, nafungua kava. Vumbi la humo ungeweza kupanda mchicha. Natoa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nachukua ufutio wa penseli wa mwanangu, nasugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu, nairudisha na kuikandamiza mpaka vibanio vya pembeni vilie "ta!" Ikawaka! Wazee wakapiga makofi.

Sasa inaniambia saa haiko sawa, bonyeza F1. Tarehe: 1 Januari 2009. Tatizo ni ile betri ya saa, kidude cha duara cha volti 3. Ikiisha, umeme ukikatika usiku mashine inasahau imeishi miaka yote hii. Nilienda dukani nikataka CR2032. Muuzaji akanipa CR2025, eti "ni zilezile, bosi, hii imepungua unene kidogo." Kidogo! Hiyo 32 ndiyo unene wenyewe, milimita 3.2, na yake ina 2.5. Sasa inacheza humo ndani, leo inashika, kesho imeachia. Kuirudisha? Hapokei bidhaa iliyofunguliwa.

Nabonyeza F1, namfungulia kijana tovuti ya ajira. Kivinjari kinagoma: muunganisho si salama. Kwa hesabu za mashine yangu, cheti cha usalama cha ile tovuti, kile kivinjari inachokagua tarehe zake, bado hakijatolewa! Narekebisha tarehe, umeme unakatika, unarudi, tuko 2009 tena.

Kijana akasema basi, niprintie barua niipeleke kwa mkono. Nikaprinti. Akafika mlangoni, akarudi amefura.

"Kaka, tarehe imejiweka 2009! Mwaka huo nilikuwa darasa la pili!"

"Tangazo lao linasemaje, dogo? Si wanataka mwenye uzoefu?"

Akaikunja, akaondoka nayo.