Askofu Aliyejichuria

Kila mgeni akija kunitembelea huku Kent, Uingereza, nampeleka kanisa kuu la Canterbury, moja kwa moja hadi kwenye kaburi la Askofu Mkuu Henry Chichele. Juu imelala sanamu yake kwenye majoho na kofia ya uaskofu, mikono kaikutanisha anasali. Chini yake, kama kitanda cha dabo deka, kuna sanamu ya pili ya mtu huyohuyo: maiti uchi juu ya sanda, imekonda hadi mbavu zinahesabika. Maandishi ya Kilatini yanasema alizaliwa maskini, akapandishwa hadi uaskofu mkuu, na sasa ni chakula cha funza. Wewe unayepita, jitazame humo.

Chichele alifariki 1443. Kaburi alilijengesha akiwa hai, miaka mingi kabla, ndani ya kanisa lake mwenyewe.

Sasa jaribu hilo kwetu. Mzee mwenye nyumba tatu aseme tu anataka kuandika wosia, hajashika hata kalamu, mama mkubwa keshadakia, "Usijichurie!" Siku akifa, maturubai hayajateremshwa, watu wanaulizana hati ziko wapi. Yanayofuata mnayajua wenyewe.

Najua mtasema: kapanda ndege, kaona jiwe, sasa anatufundisha kufa. Wala! Kwa kuzika hatuna mpinzani. Jirani yangu wa hapa alifariki, tukasubiri mazishi wiki tatu. Ibada nusu saa, kisha tukaonyeshwa mlango wa kutokea maana wenye maiti yao nyingine walikuwa wanangoja zamu. Hakuna aliyelala msibani, hakuna hata aliyepika uji. Waingereza wa leo nao ukiwaonyesha Chichele wanakunja pua.

Mtu wa Pwani atanikumbusha ule utenzi wa zamani, Inkishafi, kwamba tulishaonyeshwa zamani majumba ya matajiri wa Pate yakiwa makao ya popo. Kweli kabisa, na tunaighani vizuri. "Dunia tunapita" tumeibandika hadi kwenye daladala. Mbona basi kila mtu anaishi kama abiria asiye na kituo cha kushuka?

Na vinara ni sisi wa mamtoni. Shifti ya mchana, shifti ya usiku, hela yote inaishia kwenye nyumba ya Goba, Dar, anayolala mlinzi. "Nikishapaua ndio nitapumzika." Wangapi tumewachangia nauli ya jeneza kabla hawajapaua? Chichele, na maiti yake ya jiwe ikimtazama, alianzisha Chuo cha All Souls kule Oxford mwaka 1438. Kingalipo.

Mimi wosia nimeshaandika. Bati zitasubiri, Desemba nawapeleka wanangu Tanga wakaogelee na kula pweza. Nilipoliweka hilo kwenye kundi la ukoo, shangazi alijibu haraka kuliko wote: "Ushindwe!"