Jamani, Sikulia: Ulikuwa Ugoro

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya shemeji yangu, inayosema nililia ukweni, nipeni nafasi na mimi nijitetee. Sikulia. Narudia: sikulia ukweni. Machozi yalikuwepo, makamasi yalikuwepo, lakini kulia ni jambo jingine.

Mnaonifuata humu mnaujua ugonjwa wangu wa sarafu za zamani. Na ni ninyi mlionivimbisha kichwa siku ile nilipoweka picha ya senti kumi ya tundu ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba mwaka uleule. "Profesa!" "Mtaalamu!" Basi profesa wenu akapanda basi kwenda Tabora kusalimia wakwe, na kilenzi chake mfukoni.

Jumapili mchana, mkeka umetandikwa, sinia la wali katikati, kuku juu yake. Baba mkwe, mashangazi wawili, shemeji na simu yake (mkumbukeni huyu), na bibi mzaa baba mkwe. Bibi akasema, "Nasikia mume wa mjukuu wangu anazijua pesa za Mjerumani." Akafungua kikopo chake cha bati, akachomoa sarafu, akanikabidhi. Kikopo cha nini? Sikuuliza. Profesa haulizi.

Ilikuwa heller tano, heller zile senti za rupia ya Mjerumani enzi za ukoloni. Ile kubwa ya shaba, ukiishika unajua umeshika kitu, taji juu, mwaka chini yake. Hizo kubwa zilitengenezwa miaka miwili tu, 1908 na 1909. Za 1913 na 1914 ni ndogo na zina tundu. Hilo niamsheni saa nane za usiku nitawatajia. Sasa hii mikononi mwangu imeandikwaje? Moja, tisa, sufuri... sufuri. 1900! Na heller zenyewe zilianza kutoka 1904. Kabla ya hapo rupia ya Mjerumani iligawanywa kwa visarafu vilivyoitwa pesa, 64 kwa rupia moja.

Mtu mwenye akili angesema, "Bibi, namba ya mwisho haionekani vizuri," kisha akanyoosha mkono kwenye paja la kuku. Mimi nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Samahani wazee wangu. Tarehe hii imechezewa."

Matonge yakasimama njiani. Shangazi mkubwa akalirudisha lake siniani.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini nikawasha tochi ya simu, nikailaza ubavu ili kivuli cha namba kionekane (wadau, hiyo ndiyo njia, tochi ya utosini haikuonyeshi kitu), nikaanza somo. "Tazameni. Sufuri hii ya pili ni ndogo kuliko mwenzake. Tena imening'inia juu, haijakaa msitari mmoja na wenzake. Kiwandani namba haziwi hivi. Hapa palikuwa na tisa, mtu akakata mkia." Nikaisogeza karibu na pua. "Na huu weusi hapa chini? Ni dawa. Wanapaka shaba ionekane imezeeka. Nusa, harufu yake kali kabisa."

"Imechezewa na nani?" Bibi akauliza, taratibu kabisa. "Hiyo alinipa mama mkwe wangu. Haijatoka kwenye kikopo changu tangu nimeolewa."

Hapo ndipo nilipovuta pumzi ndefu ya kumjibu, sarafu bado iko puani.

Ngojeni niwaeleze polepole, maana mimi mwenyewe bado naiota. Kwanza nilihisi kitu kama siafu mmoja anapanda tundu la kushoto. Kisha kabila zima la siafu. Macho yakajaa. Nikaiona sura ya baba mkwe ikigawanyika, wakawa baba wakwe wawili, wote wamekunja uso. Nikajua inakuja. Nikageuka kulia, yupo shangazi. Nikageuka kushoto, yupo shangazi. Mbele kuna sinia.

Nilipiga chafya tatu. Ya kwanza ilimpata kuku.

Katikati ya ya pili na ya tatu, kwa ukungu wa machozi, nikamwona Bibi ameokota sarafu, anatemea mate pindo la kanga, anaanza kusugua. Na mimi, mkwe wa watu, niliyefundwa kusema na wakwe kwa sauti ya chini, nikapiga kelele: "BIBI, USISUGUE! SARAFU YA ZAMANI HAISUGULIWI!"

Akasugua. Taratibu, huku ananitazama. Ile "dawa" ikatoka yote kwenye kanga, na chini ya kile kisufuri changu kidogo kilichoning'inia ukachomoza mkia. Mkia mzuri, wa duara, wa kiwandani. 1909.

"Huu ni ugoro, baba," akasema. "Ugoro wangu."

Yaliyofuata hayana maana. Kuku alikwenda kuoshwa, nikaomba radhi kwa kila mtu hadi kwa jirani aliyekuja kuchungulia, mke wangu hakusema neno hadi tunashuka basi. Shemeji alikuwa ameshatuma voisi kabla sijafuta pua. Ukoo mzima sasa unaniita Bwana Sufuri.

Leo asubuhi Bibi amepiga simu mwenyewe. Ameipata sarafu nyingine mahali, senti kumi ya tundu, anataka nije niiangalie. Anauliza kama hilo tundu nalo limechezewa.