Hakuna aliyeficha waya

Wiki iliyopita kijana wa kidato cha sita aliingia ofisi ya walimu na swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Kama superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote) inayofanya kazi kwa baridi ya nitrojeni ya kimiminika ilipatikana 1987, mbona nguzo za hapa Buswelu, Mwanza, bado zina nyaya za alumini? Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu mmoja akamjibu huku anamenya karanga: "Wazungu wameificha, mwanangu. Biashara hiyo." Ofisi nzima ikacheka. Kijana naye akacheka kwa adabu, akatoka.

Wameificha! Kitu cha itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambacho hata maabara ya chuo yenye tanuri nzuri inaweza kuoka kidonge chake! Ukizamishe kwenye nitrojeni (ile ile wanayobeba watu wa uhimilishaji kwenye mitungi yao, nyuzi hasi 196), sumaku inaelea juu yake. Video za WhatsApp huishia hapo, na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Baba yangu mdogo anaunda mitumbwi Igombe. Utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia pamba anazogongelea kwenye mianya ya mbao. Wateja walikuja wakigonga ubao kwa ngumi na kuuliza ni mti gani. Hakuwajibu. Aliwainamisha waangalie maungio. Pengo la unene wa kucha tu, na usiku katikati ya ziwa mtu mmoja anaacha nyavu, kazi yake inakuwa kukomba maji kwa kopo hadi alfajiri.

Kidonge kile nacho kinavujia kwenye maungio. Ni fuwele nyingi ndogo, yaani chembe ambazo atomi zake zimejipanga kwa safu, na kila moja imeelekea kwake. Ndani ya fuwele mkondo unapita bila kikwazo, mpakani unakwama. Mwaka 1988 watafiti Dimos, Chaudhari, Mannhart na LeGoues walikuza utando mwembamba wa superkondakta hiyo juu ya fuwele mbili zilizoungwa kwa pembe waliyoichagua wenyewe, wakapima. Kadiri pembe ilivyokua, mkondo unaovuka bila ukinzani uliporomoka. Fuwele zikipishana digrii 10 hivi, unaweza kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Digrii 10! Aliyenipangia marumaru sebuleni amepitiliza hapo na alilipwa hela yake yote. Jozi za elektroni zinazobeba mkondo katika kitu hiki zina upana wa nanomita moja au mbili tu, kwa hiyo mvurugiko wa atomi chache mpakani ni ukuta kwao.

Na utando haujipangi wenyewe. Unaiga kilicho chini yake. Juu ya strontiamu titaneti, ambayo atomi zake zimeachana karibu sawa na za utando, unalala vizuri. Juu ya silikoni, ambayo ni rahisi kuipata, vinaunguzana kikemia, na utando ukitoka kwenye joto la kukuzia unasinyaa kuliko silikoni, unapasuka. Sasa fuwele ya strontiamu titaneti ni kipande cha kushika kiganjani. Utaunganisha vingapi kutoka Buswelu mpaka Nyakato? Ndiyo maana watu wametumia miaka kufinyanga utepe wa aloi ya nikeli mpaka chembe zake zielekee upande mmoja, au kuelekeza tabaka la magnesiamu oksaidi kwa miale ya ioni, ndipo superkondakta ya unene wa mikroni moja hivi (sehemu ya elfu ya milimita) ikae juu. Yote hayo yamechapishwa. Siri iko wapi?

Haya, mwenzangu amepatia neno moja: biashara. Utepe huo ni ghali, na kuupoza kilomita baada ya kilomita si mchezo. Na huo mpaka kati ya fuwele una faida zake. Vihisi vya sumaku hafifu kabisa hutengenezwa juu yake. Lakini kumcheka mtoto aliyeuliza hakuna faida yoyote.

Jumatatu nilimtafuta. Nilikuwa na vipande viwili vya mbao kutoka kwa baba mdogo, nikavipanga kwenye dawati, kimoja kimepinda kidogo. Akapitisha kucha kwenye pengo, akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, pamba yake ni nini?"

Nikamwambia kuna waliobadilisha sehemu ya itriamu kwa kalsiamu, na mkondo mpakani ukaongezeka. Akavuta daftari.