Shemeji Kakimbia na Kongoro

Mbwa wetu anaitwa Shemeji, na kosa si langu. Mwaka juzi kaka wa mke wangu alihamia Arusha, akapanga kwa mwenye nyumba asiyetaka mbwa, akatuletea huyu "kwa wiki mbili tu". Wiki mbili hizo bado zinaendelea. Mwanzoni tulikuwa tukisema "mbwa wa shemeji", baadaye tukachoka kusema yote, likabaki Shemeji. Wanangu wawili, kwa kuwa shemeji wa baba ni mjomba wao, wanamwita Mjomba. Mke wangu hamwiti chochote. Akitaka atoke jikoni anachukua ufagio.

Sasa, Jumamosi ya 28 Septemba 2024, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, bwana mifugo wa mtaani kwetu hapa Moshi alikuwa anachanja mbwa bure. Mke wangu alipoona baba, watoto na mbwa wote wanatoka, akapata nafasi ya kunituma. Ndizi mshare na makongoro mawili kutoka Mbuyuni. Viatu vya shule vya mkubwa, mitumba ya Kiborloni. Na mdogo nilimwahidi askrimu mjini, karibu na mnara wa saa, tangu Pasaka. "Saa sita mmesharudi," alisema. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, hauna hata wingu moja, nami nikaamini.

Mbwa wa huku kwetu hatembezwi. Usiku anafunguliwa, anabweka, asubuhi anafungwa, kazi imeisha. Ukionekana barabarani umemshika mbwa kwa kamba ya katani, watu wanahamia upande wa pili. Mama mmoja aliniuliza akiwa ng'ambo ya mtaro, "Huyo anang'ata?" Nikamwambia hang'ati. "Sasa mbona umemfunga?" Sikuwa na jibu.

Dereva wa bajaji naye alimkagua kuanzia masikio hadi mkia. "Huyo analipa kama mtu mzima."

"Na watoto?"

"Watoto utawapakata. Huyo hapakatiki."

Kwenye chanjo hakukuwa na shida, isipokuwa kelele. Bwana mifugo aliuliza jina la mbwa, nikasema Shemeji, akaandika kwenye kadi bila kuinua kichwa. "Afadhali wewe," alisema. "Tangu asubuhi nachanja Simba tu." Sindano ilipoingia, Shemeji aliangalia pembeni kama mtu mzima. Nilijivuna. Hapo ndipo ningemrudisha nyumbani, lakini nikikumbuka ile nauli, nikaona twende naye tu sokoni.

Mbuyuni nikamfunga kwenye mguu wa meza ya nyanya, mbele ya bucha. Meza yenyewe ilikuwa ya mbao nyepesi, na nyanya zimepangwa mafungu mafungu. Mwenye bucha akaweka kongoro la kwanza juu ya gogo, akageuka kuchukua panga.

Sikuona vizuri kilichofuata. Niliona mkia, kisha nikaona meza ikitembea. Nyanya zikamwagika zote. Kamba ikachomoka, na mbwa akaingia katikati ya watu na kongoro mdomoni. Mwanangu mdogo, mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akapiga yowe:

"Baba! Mjomba ameiba nyama!"

Nami nikatoka mbio. "Shemeji! Wee Shemeji! Rudisha hiyo nyama!"

Soko zima likasimama. Vijana wa mizigo wakaweka magunia chini. Mmoja akamkamata mdogo begani. "Mjomba wako amevaaje?"

"Hajavaa kitu!"

Nilisikia akina mama wakisema "Yesu wangu!" kwa pamoja. Wengine walifunika macho, ingawa si wote. Muuza ndizi mmoja, ambaye kumbe ametoka kijiji kimoja na mke wangu huko Marangu, akanidaka mkono nikiwa napita: "Baba, ni yule shemeji yako kweli?"

"Huyohuyo, mama! Amepita wapi?"

Hakunionyesha njia. Alitoa simu.

Tulimkuta chini ya lori la mahindi, ametulia, anafanya kazi yake. Nikalipa kongoro, nikalipa sado mbili za nyanya, na kwa kuwa nimezilipia nikaziokota. Kiborloni hatukufika. Askrimu hatukuiona.

Kutoka Moshi mjini hadi Marangu ni kama kilomita 40, na Hiace lazima isimame Himo ijaze abiria. Habari haikusimama Himo. Tulipofika nyumbani saa tisa, mke wangu alikuwa amekaa kizingitini, simu mkononi, macho mekundu.

"Kaka yangu," alisema polepole, "ameiba nyama sokoni. Uchi."

"Si kaka yako," nikamwambia. "Ni Shemeji."

Sentensi hiyo haikutusaidia chochote.

Huko Arusha, shemeji mwenyewe alikuwa ameshapigiwa na mashangazi wanne, wa mwisho akimsihi aokoke. Mimi alinipigia akiwa hawezi hata kumaliza neno. Na wakati bado ananifokea, ujumbe ukaingia kutoka kwa mama mkwe: amenitumia elfu ishirini. "Mwanangu, mlipe mwenye nyama. Tuifiche aibu hii."

Jumapili, baada ya ibada, mama mkwe akaingia uani na baba mdogo mmoja wa ukoo, wamebeba mkungu wa ndizi wa kuombea msamaha. Mke wangu hakusema kitu. Akamletea kadi ya chanjo. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Jina: Shemeji. Jinsia: dume." Akamtazama mbwa, aliyekuwa kwenye kivuli na mfupa wake. Akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Kwa hiyo yule wa bucha ulishamlipa jana, kwa hela yako?"

"Nilimlipa, Mama."

"Basi nirudishie elfu ishirini yangu."

Mkubwa akaangalia viatu vyake vipya. Mdogo, mdomo wote mweupe, akaendelea kuramba kijiti.