Mikono juu ya usukani: mzazi Mweusi amweleze nini mwanawe?

Katika familia nyingi za Wamarekani Weusi, kijana anayejifunza kuendesha gari hufundishwa pia namna ya kusimamishwa na polisi: mikono yote miwili ibaki juu ya usukani, leseni isitolewe mfukoni kabla ya kuomba ruhusa, na majibu yawe ya upole hata akitukanwa. Mafunzo ya aina hii yana umri mrefu. Mwaka 1955, kabla Emmett Till wa miaka 14 hajaondoka Chicago kwenda kwa jamaa zake Mississippi, mama yake Mamie alimweleza jinsi ya kujishusha mbele ya Wazungu wa huko. Mtoto alirudishwa akiwa maiti.

Wanaotetea mafunzo hayo wana hoja nzito. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 tu, akichezea bastola ya bandia katika bustani ya umma huko Cleveland mwezi Novemba 2014, polisi walipofika na kumpiga risasi katika muda wa kama sekunde mbili. Utafiti ulioongozwa na Phillip Atiba Goff, uliochapishwa mwaka huohuo, ulionyesha kwamba wavulana Weusi kuanzia miaka 10 huonwa kuwa wakubwa kuliko umri wao na hawahesabiwi kuwa wasio na hatia kama wenzao Wazungu. Ikiwa wageni watamnyang'anya mtoto utoto wake, wasema wazazi hawa, basi afadhali habari hiyo aisikie kwanza kwa mama yake.

Lakini katika sekunde mbili hakuna nafasi ya adabu. Philando Castile, aliyesimamishwa barabarani Minnesota mwezi Julai 2016, alimwarifu askari kwa utulivu kwamba alikuwa na silaha, akapigwa risasi akiwa bado amefunga mkanda. Mwaka uliofuata askari huyo aliachiwa huru na mahakama. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba mafunzo haya humtwika mtoto jukumu la mwenye bunduki, na kwamba akiuawa, watu wataanza kuuliza ni agizo gani hakulitii. Lawama hiyo naikubali, ingawa sioni kama inampa mzazi ruhusa ya kunyamaza.

Kwangu mimi, jambo zito zaidi ni kile kinachotangulia onyo. Watafiti wa malezi hutenganisha kumfunza mtoto fahari ya asili yake na kumtahadharisha dhidi ya ubaguzi. Fahari kwa kawaida huambatana na kujiamini, ilhali matokeo ya tahadhari yamechanganyika, na mara nyingine huendana na wasiwasi. Mtoto ambaye mara ya kwanza kusikia habari za weusi wake ni pale anapoambiwa kwamba unaweza kumuua, amepewa nusu ya somo, tena nusu iliyo chungu.

Wahamiaji kutoka kwetu wana shida yao. Mzazi aliyekulia Kigoma au Bukavu, ambako hakuna aliyemshuku kwa rangi yake, huweza kuamini kwamba bidii ya masomo na heshima vitatosha. Tena heshima yenyewe hubadilika ikivuka bahari: kwetu dereva akisimamishwa na trafiki mara nyingi hushuka wakaongee kando, lakini Marekani kushuka bila kuamriwa kunaweza kuchukuliwa kama tishio. Patrick Lyoya, mkimbizi wa Kongo mwenye miaka 26, alishuka garini aliposimamishwa huko Grand Rapids, Michigan, mwezi Aprili 2022. Baada ya purukushani askari alimpiga risasi kichwani. Sisemi kwamba kushuka ndiko kulikomuua, kwa maana aliyefyatua risasi anajulikana. Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, kupitia mkalimani.

Katika nyumba za namna hiyo, anayeijua nchi vizuri zaidi mara nyingi ni mtoto, aliyekwisha kuyasikia yote haya kwa wenzake shuleni. Huenda yeye ndiye atakayemketisha baba na kumwonyesha mahali pa kuweka mikono.