Masega Bila Asali

Leo asubuhi, kwenye kipilefti cha YMCA hapa Moshi, kipande cha solatepu nyeusi kimebanduka kwenye dashibodi ya Altezza yangu kikaniangukia pajani. Miaka yote nilidhani ni urembo wa kiwandani. Geji za Altezza zimechorwa kama saa ya mkononi ya tajiri, saa ndani ya saa, sasa nani atahangaika na kadoa keusi? Kumbe chini yake kulikuwa na taa ya njano yenye umbo la injini. Inawaka. Na kwa jinsi ilivyonikodolea macho, ilishakata tamaa ya kuonwa siku nyingi.

Ndiyo, naendesha gari la spoti. Mafuta tusiyazungumzie, Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya bei mpya, mnaijua kama ninavyoijua. Langu ni AS200, silinda sita, ingawa vijana wakiniuliza nakohoa kidogo na neno RS200, lile toleo lenye nguvu zaidi, linanitoka lenyewe. Msimu wa 1998-1999 lilichaguliwa Gari la Mwaka Japani. Siku hizi linabeba pumba za kuku.

Taa hiyo isingenishtua kama si shemeji yangu wa Los Angeles. Yeye ana Lexus IS 300 ya 2002, ambayo ukiibandua nembo ni Altezza iliyopata viza. Wiki iliyopita alinipigia simu karibu kulia: "Shem, gari limefeli moshi." Nikamwambia anayeishi Moshi ni mimi, yeye limemfelia wapi? Kumbe kule California gari likishakuwa na umri, kila baada ya miaka 2 linapelekwa kupimwa moshi, kompyuta yake inasomwa na mtu anachungulia uvunguni. Likifeli, hupati usajili. La kwake limesoma kosa namba P0420, yaani masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yamechoka. Na si kwamba atafunga masega yoyote: ama ya kampuni iliyotengeneza gari, ama yenye namba ya idhini ya jimbo lenyewe, imegongwa kwenye bati. Yale ya bei ya kibinadamu yanayouzwa majimbo mengine hayatakiwi. Yaliyotumika ndiyo usiyataje kabisa. Mimi kwa roho yangu nzuri nilikuwa nimeshamwambia nitamfungulia ya kwangu nimpe mtu anayesafiri. Ameambiwa dola 2,300. Angekuwa na gari la 1975, alisema kwa uchungu, wala wasingemgusa.

Basi nikanyoosha hadi Njoro kwa fundi wangu, kichwa juu, nikamwambia kama mtu aliyesoma: "Fundi, niangalizie masega."

Fundi akaniangalia mimi kwanza. Halafu akaliangalia gari. Halafu akaangalia geti. Akatia jeki, akaingia uvunguni, zikabaki yeboyebo zake tu nje. Nikasikia spana inagonga bomba. Ngo. Ngo. Ngo. Mlio wa debe la mahindi mwezi wa tatu.

"Mangi," sauti ikatoka chini, "huku hakuna masega."

"Yameisha?"

"Hayapo. Lipo kopo lake."

"Fundi, gari hili tangu litoke bandarini limeguswa na nani zaidi yako?"

Yeboyebo zikatulia. Moja ikajikuna kwenye nyingine.

"Yalitolewa," akasema.

"Na nani?"

"Na gereji."

Nikavuta ndoo nikakaa. Akaendelea huko huko chini, maana aliona pako salama zaidi. "Si ulikuja kabla ya Krismasi ya 2021 ukasema gari halivuti kupanda Marangu? Tukaangalia, masega yameziba. Yakasaidiwa kutoka."

"Yakaenda wapi?"

"Yalikuwa na mtu wake."

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Nililipa 60,000 ya "kuzibua ekzosi." Nilipopanda Marangu gari linanguruma kama simba mwenye kikohozi, na wajomba wakatoka nje ya nyumba kunipokea. Nikawaambia ni mambo ya spoti.

"Na hii taa?"

"Sensa ilikuwa imejichomeka hapo hapo, tukaikata. Taa ikawaka. Tukaifunika." Hapo akatoa kichwa, uso umejaa huruma ya kweli. "Wewe una presha, mangi. Hatukutaka uione."

Ningeweza kumsamehe. Nilikuwa nimeanza kuguswa. Lakini dogo wake, aliyekuwa anajaza upepo kwenye bodaboda, akadakia kwa furaha ya mtu aliyekumbuka jibu la mtihani: "Aaa, si ndiyo yale tuliyonunulia kompresa?"

Hata bodaboda ilizima.

Nikaigeukia kompresa. Nyekundu, imekaa kwenye magurudumu yake mawili, inapumua. Nimeijua miaka yote. Niliwapongeza walipoinunua, tena nilisema maneno mazito juu ya vijana kujiajiri. Na kila Jumamosi nakuja kujaza matairi manne, shilingi 500 kila moja. Yaani nalipia upepo wa kompresa yangu mwenyewe!

Shemeji alishanieleza, ila sikujua ananisimulia habari zangu. Ndani ya lile kopo kuna udongo wa kauri wenye vitundu vitundu kama sega la nyuki, umepakwa platini, paladiamu na rodiamu. Hewa yenye sumu ikipita humo ikiwa ya moto inageuzwa kuwa hewa yenye afadhali. Rodiamu peke yake, mwaka huo huo wa 2021, ilipita dola 20,000 kwa wakia moja. Ndiyo maana huko kwao wezi wanakuja usiku na msumeno, wanakata, wanakimbia. Wa kwangu nilimpelekea mwenyewe, mchana, nikamlipa, na nikamnunulia soda.

"Sasa yarudishwe," nikasema.

Fundi akajifuta mikono, akasogea, akashusha sauti. "Yapo, ila usiwe na haraka. Subiri Alhamisi. Kuna mwalimu ana Altezza kama yako, analalamika haivuti."

Naona aibu kuwaambia kwamba nilifikiria. Si sana. Kama dakika moja.

Lakini jamani! Shemeji yangu hata akitaka kuyatoa yake haruhusiwi, mimi yangu yametoka bila kuniaga na hakuna binadamu aliyeinama kuangalia. Trafiki ananisimamisha kila wiki. Anataka stika, anataka pembetatu, anataka mtungi wa kuzimia moto, anauliza kwa nini nimeuweka chini ya gunia la pumba. Nyuma ya gari hapiti. Mke wangu ndiye kipimo pekee cha hewa katika mkoa huu: ananusa kitenge chake cha kanisani na kuuliza nilipita naye kwenye tanuri lipi.

Halafu kuna jirani yangu, mstaafu. Jioni nimeingiza gari, kabla sijazima, keshasimama kwenye ua. "Baba Neema, hilo ligari lako ndilo linalomaliza theluji ya Kibo." Mzee huyu huyu kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri anachoma taka. Anachoma mifuko, anachoma pampasi za wajukuu, kuna siku alichoma godoro, na upepo wote wa Kilimanjaro unajua dirisha langu. Nikimwambia, anasema ni moshi wa kufukuza mbu. Mbu gani hao wa alfajiri? Na parachichi zake zinadondokea upande wangu, juu ya boneti, nikiziokota anaziulizia idadi. Jana alisema zilikuwa saba. Zilikuwa tano, na moja ilikuwa imeoza.